Noah Iliyokataa Mlima wa Itaka

Vijana wangu, kabla hamjafungua hata nati moja leo, wekeni spana chini mnisikilize mimi mstaafu. Magoti yangu yaliacha kazi kabla yangu, nami nikayafuata kwa heshima. Najua mna haraka. Fundi kijana siku zote ana haraka, na mteja hupenda kumwona fundi mwenye haraka, ndiyo maana hapa Tunduma gereji zimejaa magari yaliyofunguliwa upesi upesi na hayajui yatafungwa lini.

Kile kimashine chenu cha kuchomeka kwenye gari sikichukii, msinisingizie. Ningekuwa nacho enzi zangu ningelala nacho kitandani, mke wangu angehamia kwa mama yake. Lakini kimashine kinasema gari linaumia wapi. Hakisemi gari limeishije, limebeba nini, limelala wapi, na nani amelifungua akaficha. Hayo lazima umuulize mwenye gari, tena umuulize kwa upole, maana wenye magari wana aibu kama wagonjwa wa tumbo.

Leo nawasimulia Noah ya Mzee Luhende, kwa sababu mara nyingi nawasikia mkisema "taimingi imeruka" kama vile mnasema mvua imenyesha. Mvua hainyeshi bila wingu. Kwa wale walioanza kazi juzi, niseme kwanza taimingi ni kitu gani. Chini ya injini kuna krenki, inayosukumwa na pistoni. Juu kuna kemshafti, inayofungua na kufunga valvu ili hewa iingie na moshi utoke. Mkanda wenye meno unaziunganisha hizo mbili. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu, huyu akipandisha mchi, yule anashusha. Mkanda ukiruka jino moja tu, mtu mmoja anachelewa, na unga haupatikani.

Mzee Luhende ni Msukuma wa Kamsamba, kule bondeni kuelekea Rukwa, ambako jua halina adabu. Alihamia huko na ng'ombe wake, akaingia kwenye mpunga, na baadaye akauza ng'ombe kadhaa akanunua Noah ya kubeba abiria na mizigo. Ni ile Noah ya zamani ambayo injini imelala chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona, unainua kiti. Wiki hiyo alikuja Tunduma pamoja na binti yake Kabula kununua vitenge kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu Kabula alikuwa anaolewa Jumamosi katika familia moja ya wakulima wa kahawa huko Itaka, juu milimani Mbozi.

Gari liliingia uani kwangu likitetemeka, likakohoa, likapiga chafya kubwa, likazimika lenyewe kabla mzee hajagusa ufunguo.

"Mwangaluka, fundi," akasema mzee akishuka.

"Mwangaluka, mzee wangu. Karibu. Naona mgonjwa amefika kwa miguu yake mwenyewe."

"Miguu yake? Miguu yetu! Kwenye tambarare linatembea vizuri tu. Likiona mlima linasimama kama punda. Kutoka Mpemba kuja hapa tumelisukuma mara ngapi, Kabula?"

"Usinikumbushe, baba," akasema binti. "Shikamoo, fundi. Viatu hivi nilikuwa nimevinunua kwa ajili ya harusi, sasa tazama."

Nikatazama. Visigino vilikuwa vimelala ubavu. Nikamwambia viatu vina fundi wake jirani, mimi niachiwe gari.

Mafundi walikuwa wameshapita humo kabla yangu. Mmoja alibadilisha plagi. Mwingine akabadilisha koili. Wa tatu akabadilisha pampu ya mafuta. Wa mwisho alipoishiwa vitu vya kubadilisha, akasema injini imezeeka, inunuliwe nyingine. Nami, kwa kuwa siku zilikuwa chache, nikatoa ushauri wa busara, ule ambao hutolewa na mtu asiyehusika.

"Mzee, kodi gari jingine kwa ajili ya Jumamosi. Hili niachie, nilishughulikie taratibu."

Mzee Luhende akakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale, akavua kofia, akanieleza. Wazee wa Itaka walipoteremka Kamsamba kuleta mahari, joto liliwashika vibaya. Yeye akawatania kwamba watu wa milimani wanayeyuka kama mafuta ya nazi. Mjomba wa bwana harusi, mtu mwenye mdomo kama wake, akajibu mbele ya watu wote: "Sisi tumeshuka na tumefika. Subiri siku yako ya kupanda. Hicho kibati chako kitakwama njiani, tutakuja na kamba kumvuta bibi harusi wetu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee akasimama akasema kwamba Kabula atamleta yeye mwenyewe, kwa Noah hiyohiyo, na likisukumwa hata hatua moja wasimwite tena baba wa bibi harusi.

"Huo si utani tu, mzee?" nikamwuliza.

"Ulianza ukiwa utani. Lakini sikiliza, fundi. Kila shule ilipofunguliwa, mimi na gari hili tumempandisha mwanangu mlima uleule wa Itaka, na kila ilipofungwa tumekwenda kumchukua. Nikimpeleka kwa mumewe kwa gari la kukodi, nitakuwa mgeni mwalikwa kwenye harusi ya mtoto wangu. Gete, kweli kabisa, sitaki."

"Mimi hata kwa bodaboda naenda, baba," akasema Kabula.

"Nyamaza wewe! Gauni lile kwa bodaboda?"

Basi nikavaa ovaroli. Kuna kazi unazifanya kwa sababu umeletewa, na kuna kazi unazifanya kwa sababu umeona uso wa mtu. Hii ilikuwa ya pili, na nakiri niliifurahia tangu nilipoinua kile kiti.

Nilianza kwa kusikiliza. Hapa lazima niwatajie aliyenifundisha, mzee mmoja wa Nakonde tuliyemwita Ba Mulenga. Alikuwa anavuka mpaka asubuhi na sanduku lake la spana, anarudi kwao jioni, na darasa lake lilikuwa ile foleni ya malori. Alitupanga wanafunzi wake tukiwa tumeipa barabara mgongo. Lori likisogea, anauliza linaumwa nini. Ukisema nozeli kumbe sivyo, anapiga kelele "Awe!" yaani hapana, na mnasubiri lori linalofuata. Madereva waliochoka kukaa foleni wakageuza ule mchezo kuwa burudani yao. Ukipatia, wanapiga honi. Ukikosea, wanakuzomea kwa lugha tano tofauti. Sijawahi kuona shule nyingine ambayo wanafunzi wanashangiliwa namna ile.

Huyo huyo Ba Mulenga alikuwa na valvu moja iliyopinda ambayo alikuwa akikorogea chai. Aliitoa kwenye injini ya tajiri mmoja wa kwao. Alikuwa amefunga mkanda wa taimingi, akajiamini, akapiga stata bila kwanza kuizungusha injini kwa mkono. Meno yalikuwa yamekaa vibaya, pistoni zikapanda zikakuta valvu ziko wazi, na huko ndani kukawa na kishindo. Basi kila alipokoroga sukari alituonyesha ile valvu, akasema "Panono panono," ndiyo kusema polepole kwa Kibemba. Tulikunywa chai nyingi sana ya namna hiyo. Tangu hapo sijawahi kupiga stata kabla ya kuzungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, tena kwa upande ule ambao injini huzungukia, kamwe si kinyume. Injini ikikataa kuzunguka kwa mkono, inakwambia kwa upole. Stata haina upole.

Turudi uani. Noah ilikuwa inawaka kwa shida, ikisimama inatetemeka, ukikanyaga mafuta inapiga chafya kupitia kwenye njia ya hewa. Chafya ya kule ni habari kubwa. Inasema valvu ya hewa haijafunga wakati ambao ingepaswa kufunga. Nikatoa plagi zote, nikapima kompresheni, yaani nguvu ya kukandamiza hewa, silinda moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa dhaifu. Ya pili dhaifu. Ya tatu na ya nne vilevile, zote zimelingana kama vidole vya mtoto mchanga.

"Mbona umenuna?" akauliza mzee.

"Sijanuna, nafikiri. Silinda zote nne zimelegea, na zimelegea sawasawa. Injini iliyozeeka haizeeki hivyo. Silinda moja hutangulia, nyingine zinafuata."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa jambo la nyumbani kwake. "Hilo mbona rahisi, ng'wanawane, mwanangu? Ng'ombe mmoja akikonda, mtazame ng'ombe. Wote wakikonda sawasawa, mtazame anayechunga."

Nilicheka mpaka nikaweka kipimo chini. Nimeyasoma maneno mengi kuhusu injini, lakini mpaka leo sijakuta mahali palipoelezwa vizuri hivyo. Anayechunga valvu zote ni mmoja tu, kemshafti. Kama zote zinakula vibaya, yeye ndiye amechelewa kufungua zizi.

Nikazungusha krenki mpaka alama yake ya chini ikafika mahali pake. Halafu nikatazama juu, kwenye gia ya kemshafti, kemu kwa kifupi. Mkanda ulikuwa uchi kabisa, kava lake la plastiki la juu halipo, lakini hilo halikunishtua, nusu ya magari yanayokuja kwetu hayana makava. Kilichonifurahisha ni alama. Alama ya kemu ilikuwa nyuma jino moja. Jino moja tu, vijana! Hilo ndilo lililokuwa likiwafanya binadamu wawili wasukume gari kutoka Mpemba.

"Huyu hapa mchunga wako," nikamwambia mzee. "Amesinzia."

Tukanunua mkanda mpya. Kabula akatoa kwenye mkoba wake rangi ya kucha, nyekundu ya harusi, akanipa nipake alama kwenye meno ya gia ili nizione vizuri. Nawashauri muwe na chupa ya rangi hiyo kwenye sanduku lenu, haifutiki kwa oili, ila kama mmeoa mtoe maelezo mapema. Nikafunga mkanda, alama kwa alama, nikakaza tenshena yake, ile inayouvuta usilegee, nikashika spana nikazungusha kwa mkono. Mizunguko miwili. Alama nyekundu zikakutana kama maharusi wenyewe. Mzee akaanza kuimba.

Sijui ni kitu gani kilichonifanya niongeze mizunguko mingine. Labda ni ile chai. Nilipokuwa nazungusha, nikahisi spana imekuwa nzito kidogo mkononi, kisha ikaachia ghafla, kwa sauti ndogo ya "tap." Nikatazama juu. Kemu ilikuwa imerudi nyuma jino moja.

Nikafungua, nikapanga upya, nikazungusha. Tap. Nikakaza tenshena zaidi, nikapanga upya. Tap. Mzee akaacha kuimba.

"Fundi," akasema Kabula, "hizo alama zina miguu?"

Kwa wakati huo nilikuwa nimeshapata wasaidizi nisiowaomba. Mnajua mafundi wa hapa, harufu ya gari lililomshinda mwenzao wanaisikia toka mbali. Mmoja akasema mkanda ni wa gari jingine. Mwingine akasema tenshena imekufa. Akapita wakala wa forodha, akaweka begi lake chini, naye akatoa maoni. Mbadilisha fedha mmoja akasema kule Nakonde gari kama hilo linaombewa. Niliwashukuru wote, nikanawa mikono, nikaagiza chai ya tangawizi, nikakaa na Mzee Luhende kwenye lile tairi lake.

Hapo ndipo nilipofanya kazi halisi ya siku ile, na sikushika spana. Nilimwuliza, "Mzee, hebu nieleze gari hili linaishije."

Akanishangaa. "Linaishi kama mimi."

"Wewe unaishije?"

Akaanza. Wakati wa mavuno ya mpunga linabeba magunia kutoka mashambani. Mavuno yakiisha linabeba pumba kutoka mashineni, kwa ajili ya ng'ombe na kuku. Jumapili Kabula analifagia, halafu linabeba kwaya. Joto la Kamsamba likizidi, abiria wa kiti cha mbele wanalalamika kwamba wanaungua makalio, kwa sababu wamekalia injini.

"Kwa hiyo tukaipa nafuu," akasema.

"Nafuu gani?"

"Tuliitoa ile plastiki inayoziba mkanda. Ili injini ipumue. Kamsamba yote tumetoa. Mwenzetu mmoja alianza, tukaona lake halichemki, tukafuata."

"Na ule mpira unaozunguka kifuniko cha chini ya kiti?"

"Ule ulichanika zamani."

Nikaweka kikombe chini. Kuna furaha fulani ambayo mtu wa kazi nyingine hawezi kuijua, ile ya kitu kuingia mahali pake kichwani kabla hujakigusa kwa mkono. Pumba juu ya sakafu. Mwanya chini ya kiti. Mkanda ulio uchi. Nilikwenda karibu kukimbia, na magoti haya haya.

Nikatoa tena puli kubwa ya chini na kava la chini, na safari hii, badala ya kupitisha mkanda kwa kupapasa tu kama kila fundi, nikamulika kwa tochi. Na pale, kwenye gia ndogo ya krenki, kati ya jino na jino, palikuwa pamejaa pumba za mpunga. Zilikuwa zimedondoka kutoka juu msimu baada ya msimu, zikachanganyika na oili, zikashindiliwa na mkanda wenyewe mpaka zikawa ngumu. Mkanda haukuwa unakaa kwenye meno. Ulikuwa unatembea juu juu, na kila ulipofika kwenye lile bonge, unapanda na kuteleza jino moja. Ungefunga mikanda kumi mipya, yote ingeruka.

Kabula akachungulia. "Huo ni ukoko," akasema.

"Ukoko gani?"

"Ukoko wa wali. Nipe bisibisi nyembamba, fundi. Mimi nimechokoa masufuria tangu nikiwa na miaka sita."

Nikampa. Bibi harusi akafunga kitenge kipya kiunoni, akapiga magoti, akaanza kuchokoa gia jino kwa jino, akipuliza na kufuta kwa mswaki wenye petroli, mpaka chuma kikang'aa. Wasaidizi wangu wasioombwa wakainama kuchungulia. Baba yake alikuwa anamtazama kwa fahari isiyojificha, akimwambia kila mpita njia, "Yule ni mwanangu. Anaolewa Jumamosi."

Nikafunga mkanda. Nikazungusha kwa mkono mpaka bega likauma, na alama nyekundu zikawa zinarudi na kukutana, zinarudi na kukutana. Nikampa mzee ufunguo. Injini ilishika mara moja, ikatulia, ukiweka kikombe cha chai juu yake hakimwagiki. Tukalipeleka kwenye mlima wa Mpemba, likapanda likiwa limejaa mafundi wote waliokuwa na maoni. Mzee alipiga honi njia nzima, malori nayo yakamjibu.

Sasa likabaki jambo la kava. Nikamwambia, "Bila ile plastiki ya juu, mavuno yajayo utarudi kwangu. Iko wapi?"

Mzee akakohoa. Akatazama mawingu. Kabula akafunika mdomo kwa kitenge, lakini kicheko kilimponyoka.

"Kuku wanalia chakula humo," akasema Kabula.

Ndivyo nilivyojikuta Ijumaa nikiteremka Kamsamba kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, nikiwa na mpira mpya wa kifuniko mfukoni. Mzee alisema sharti niwepo, na kesho yake nikae kiti cha mbele, karibu na mgonjwa. Kava tulilikuta nyuma ya jiko likiwa na mtama ndani, na mtetea mmoja mweusi amelikalia kama urithi wake. Alinidonoa mara mbili. Nikaliosha, nikalifunga, likakaa sawasawa isipokuwa pembe moja iliyokuwa imemegeka. Madereva wengine waliokuja kula wali wakasimama kunizunguka, nikawaonyesha lile bonge la ukoko nililolihifadhi kwenye karatasi. Likapita mkono kwa mkono. Baada ya hapo wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akisema anarudi sasa hivi. Jioni ile kava moja lilipatikana likitumika kuchotea majivu, jingine watoto wanateleza nalo kwenye tope, na la tatu lilikuwa limewekwa dirishani kuzuia upepo. Niliyafunga yote, nikala nyama mpaka nikaona haya.

Jumamosi tukapanda. Mzee amevaa suti, mimi shati langu la kanisani, nimekaa juu kabisa ya injini. Nyuma yetu Kabula katika gauni lake, amezungukwa na mashangazi waliokuwa wanaimba kwa Kisukuma bila kupumzika. Mimi nilikuwa nasikiliza wimbo mwingine. Vijana, kwenye Noah ya zamani fundi husikiliza kwa masikio, kwa nyayo, na kwa makalio, na yote matatu yalikuwa kazini. Barabara ilipoinuka, mzee akashusha gia. Injini ikashika. Kona ya kwanza, ya pili, hewa ikaanza kupoa, mashangazi wakaanza kujifunika kanga. Hakuna chafya, hakuna kutetemeka.

Karibu na juu tukamwona yule mjomba wa bwana harusi kando ya barabara na vijana wenye nguvu, wamebeba kamba ndefu. Mzee Luhende hakusimama. Alipunguza kidogo tu, akatoa kichwa dirishani.

"Mkwe, hiyo kamba ni ya mbuzi?"

Mjomba akatupa kamba chini akaanza kucheza, vijana wakakimbia pembeni mwa gari wakipiga vigelegele vya kiume ambavyo havina adabu yoyote. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimpiga mzee begani, na kwa kawaida mimi si mtu wa kumgusa dereva.

Tukafika tambarare. Kanisa likaonekana mbele, kati ya mibuni, watu wamejaa nje. Na hapo gari likaanza kupunguza mwendo.

Likapunguza tena. Wale vijana waliokuwa wanakimbia wakatupita, kisha wakatupita watoto, kisha akatupita bibi mmoja aliyebeba ndizi kichwani. Nikasema moyoni, jino limeruka, nimemwaibisha mzee wa watu mlangoni mwa wakwe. Nikasikiliza. Silinda zote nne zilikuwa zinafanya kazi, moja baada ya nyingine, safi kabisa. Sikuwahi kusikia injini nzima kuliko ile.

"Mzee," nikanong'ona, "limepoteza nguvu?"

Hakunigeukia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola ya shati jipya.

"Gari ni zima, fundi," akasema. "Ni mguu wangu. Unakataa kufika."

Kabula akainama katikati ya viti viwili vya mbele, na shela lake lote likatuangukia mimi na mzee, akaweka mkono kwenye bega la baba yake.

"Hata mimi sina haraka, baba."

Basi tukaenda hivyohivyo, mwendo wa mtu anayetembea, wakwe wanatungoja, kengele inalia, na ndani ya Noah ile hakuna aliyemwambia akanyage mafuta.